Somo

Ubaoni, katika chuo kimoja cha Kutaisi,
naandika neno moja kwa chaki: Bondo.
Nawauliza: jina hili linamshika nani?
Wanacheka. "Linakushika wewe, mwalimu."
Najipangusa vumbi kwenye mkono wa koti
kana kwamba swali limekwisha.

Teona, akaaye karibu na jiko la makaa, hatosheki.
Kwake jina ni kifurushi cha sifa:
mwenye kovu juu ya nyusi,
mwana wa Zhuzhuna mshona makoti,
mzaliwa wa Machi, mwaka mto ulipofura.
Kifungue, asema, utamkuta mtu.
Nampa alama nzuri.
Simwambii kwamba kovu ni langu
na Machi si yangu.

Ramazi anakataa. Jina ni kamba, halijali sifa.
Siku moja mtu hunyoosha kidole, hutamka,
kisha kila mdomo humpokeza jirani ile ncha;
hata ukisahau yote, hata ukisema uongo mtupu,
ukivuta, atakayetikisika
ni yule yule wa siku ya kwanza.
Naye nampa alama nzuri.

Jioni navuka daraja la Rioni kwa miguu
na kamba ya Ramazi mkononi.
Naivuta polepole,
kama mtu anayechelea kumwamsha mbwa.

Haiji kwangu.
Inazunguka nyuma ya nyumba, chini ya mkomamanga,
inapanda kilima cha makaburi
hadi kwenye jiwe lisilozidi urefu wa kiatu:
kaka yangu, wa wiki sita,
aliyenyunyiziwa maji na kuitwa Bondo
miaka miwili kabla sijawa na mdomo wa kulilia.

Mama hakwenda kuripoti kifo.
Karani alidai sahihi ya baba,
na baba alikuwa chini ya ardhi, Tkibuli, akichimba makaa.
Nilipokuja mimi, ilikuwa Novemba,
cheti kilikuwapo kabatini, muhuri haujachuja.
Ya nini kuwasha mafiga mawili kwa chungu kimoja?
Wenzangu walipewa majina.
Mimi nilivikwa.

Jina jema hung'aa gizani, walisema watu.
Hawakusema humulika uso wa nani.

Teona, fungua basi kifurushi chako:
nusu mifupa, nusu mwalimu mwenye kikohozi.
Na wewe Ramazi, fundi wa kamba,
nionyeshe fundo. Siku gani, pumzi ipi,
lilimwachia yeye likanikamata mimi?
Labda mama, akininyonyesha,
alisema Bondo mara elfu akimwona yule,
na mara ya elfu na moja akaniona mimi.
Nani alikuwa akihesabu?

Wanafunzi wananidai somo.
Somo langu liko ubaoni, litafutwa kesho.
Somo wangu yuko kilimani.

Mama sasa ana miaka tisini na miwili.
Sifa zimemtoka moja moja, kama meno:
kwanza jina la mtaa, kisha sura ya mumewe,
kisha matumizi ya kitana.
Limebaki hilo tu. Analiita toka roshani ya mbao,
akilielekeza nje, juu ya mapaa:
"Bondo!"

"Naam, mama," nasema nyuma yake,
kikombe cha chai mkononi.

Anageuka. Ananitazama kwa adabu ile
anayotazamwa nayo msoma mita ya gesi.
"Si wewe," asema. Kisha, kwa huruma:
"Lakini kaa. Hukawia, huyo."

Nikakaa.
Nikapasua komamanga, punje kwake, punje kwangu,
mpaka vidole vikawa vyekundu na taa za ng'ambo zikawaka.
Hatukusemezana.
Kila ngazi ilipolia
tuligeuka sote wawili.